Rangi ya Chini

Juni hapa Tukuyu rangi haikauki.
Unaipaka saa mbili usiku, saa nne bado inanata,
na ukijisahau ukajifunika
blanketi linaacha mistari yake kuchani
kama nyayo za kuku kwenye saruji mbichi.
Kwa hiyo chupa nazitia kwapani kwanza, mbili mbili,
zipate joto, zilainike,
nami nakaa nimejikunyata kama paka aliyenyeshewa
hadi mama anauliza, "Unaumwa?"

Siumwi. Ni Jumamosi.
Nina rangi sita na gilita tatu
kutoka kwenye meza ya Tumpe pale stendi,
Tumpe ambaye ushauri hutoa bila kuombwa
na chenji mpaka akumbushwe.

Nimejifunza hivi, kwa kuharibu:
gilita peke yake ni maji yenye majivuno.
Ipake kwenye kucha tupu, punje zinakaa mbalimbali
kama ndugu waliogombana msibani.
Lazima ipate pa kulala.

Ya fedha niliilaza juu ya buluu ya wino,
ikawa alfajiri ya Kitulo, umande umeganda majanini.
Ya dhahabu juu ya nyekundu: harusi.
Tena harusi ya watu,
ile unayokaa viti vya nyuma na soda zinaishia mbele.
Dhahabu hiyo hiyo juu ya damu ya mzee
ikatulia,
ikawa kama mtu aliyelipwa deni lake akanyamaza.
Fedha juu ya waridi, usijaribu.
Nilijaribu. Niliionea haya mikono yangu hadi Jumatano.

Ila ile ya tatu, ya shaba, ilikosa mwenzake.
Juu ya nyeusi, kutu.
Juu ya nyeupe, uchafu.
Juu ya kijani, mdogo wangu Ipyana akasema, "Chura mgonjwa,"
na kwa mara ya kwanza mwaka huu alisema kweli.

Mama alikuwa anamenya ndizi.
Anachuma chai Kyimbila tangu sijazaliwa;
utomvu umemwingia vidoleni, kwenye kingo za kucha,
kwenye kucha zenyewe,
hudhurungi ambayo limau imeishindwa,
majivu yameishindwa, jiki imeishindwa.
Kanisani mikono yake hukaa chini ya kitabu cha nyimbo.

Nikamwambia, lete nikupake damu ya mzee,
mara mbili, nzito, hapataonekana kitu.
Akajifuta kwenye kitenge.
Akazitazama chupa, akazitazama kucha.
"Ya chini ninayo," akasema.
"Mwaka wa ishirini na tatu huu naipaka.
Wewe niwekee hiyo iliyokosa kwao."

Umeme ulikuwa umekatika. Ipyana akashika tochi ya simu.
Nikaanza na kidole gumba
na shaba haikukaa juu juu kama ilivyozoea,
ilizama, kisha ikarudi kutoka ndani,
kama chai ya rangi ukiinua glasi dirishani.
Cha pili. Cha tatu.
Ipyana hakusema neno. Ipyana!

Halafu ikabidi zikauke.
Saa mbili nzima mama hakushika kitu.
Ndizi nilizimalizia mimi, moto nikauchochea mimi,
nikamlisha kwa kijiko, akicheka, mchuzi ukimtiririka kidevuni,
vidole kumi amevitanua hewani,
na sikukumbuka lini niliwahi kuviona vyote kumi
bila kazi.

Nikamwonya kwamba gilita kuingia ni rahisi,
kutoka ni kesi: asetoni, pamba, kusugua hadi uchoke.
"Kama ukoo wa baba yako," akasema.

Usiku nilipoamka kufunga dirisha
alikuwa amelala chali, blanketi limefika kifuani,
mikono yote miwili nje, kwenye baridi ile,
viganja chini,
zisije zikapata mistari.